Mashine ya Albano

Kwa hasira mimi sijambo, wanaonijua watakwambia. Lakini Ijumaa ile asubuhi, Ndugu Jabiri wa usalama aliponiwekea kadi mbili mezani na kuniuliza kwa sauti ya chini kama hizi ni kazi ya mashine au kazi ya mtu, hasira yote ilinikimbia nikabaki na woga mtupu.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Shirika letu liligawa unga vijijini, ule wa njano ambao watu waliuita yanga, na ofisi yetu ilikuwa Chang'ombe, ndani ya jengo lililokuwa ghala la pamba kabla halijataifishwa. Kompyuta yenyewe ilikuwa mjini, sisi tuliazimwa muda tu. Kule kwetu tulikuwa na mashine za kutoboa kadi. Chochote ulichotaka kompyuta ikijue, iwe programu au idadi ya magunia, ulikaa ukakibonyeza kwenye vitufe kama mtu anayepiga taipu, na mashine ikatoboa matundu kwenye kadi ngumu. Matundu hayo ndiyo maandishi. Ukikosea tundu, umekosea neno, na kompyuta haina huruma ya kukuelewa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika programu. Baada ya fundi wa Kizungu kurudi kwao, na vipuri kukoma kuingia nchini, nikapewa na kazi ya kuziuguza mashine. Hakuna aliyeniuliza kama naijua. Walisema Demetria ni Mhaya, Wahaya wamesoma, basi.

"Hii ya kwanza ni ya Goba," Ndugu Jabiri alisema, akigusa kadi kwa ncha ya kidole. "Hii ya pili ilitakiwa iwe ya Chanika. Lakini imetobolewa Goba tena. Kwa hiyo Goba wamepelekewa unga mara mbili. Chanika wamechimba mizizi. Na si mara moja, Ndugu Demetria. Zote ni kadi za siku ya Ijumaa, na zote zina alama ya mtu mmoja pembeni."

Sikuhitaji kuitazama hiyo alama. Ilikuwa ya Albano, kijana wa Masasi, mtoboaji wetu mwepesi kuliko wote, aliyefanya kazi bila kuangalia vidole vyake huku akinong'ona nyimbo za kwao. Mkewe Rosalia alikuwa mja mzito, wa siku zile zile. Albano mwenyewe alikuwa chumba cha pili, ofisini kwa meneja, nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba. Mlango ulikuwa umefungwa. Viatu vyake vilikuwa nje ya mlango, vimepangwa pamoja vizuri, na sikuelewa kwa nini mtu anavuliwa viatu kwa ajili ya kuulizwa maswali. Nilivitazama mara moja nikaacha.

"Programu inayosoma kadi hizi uliandika wewe?"

"Mie."

"Haya." Akazipanga zile kadi mbili sawasawa, kama mtu anayeliweka jambo mahali pake. "Neno hujuma unalijua. Mimi sipendi kulitumia ovyo. Kama ni mashine imekosea, nionyeshe ikikosea, niione kwa macho yangu. Kama haikosei, basi ni mtu, na nitaondoka naye. Naenda kuswali. Nikirudi utanionyesha."

Akatoka. Nilikaa kwenye kiti cha Albano, mbele ya mashine yake, nikaiwasha. Nilisema moyoni: Mungu wangu, ikosee.

Ndani ya kila mashine ya aina ile kuna rola ndogo, na juu ya rola imezungushwa kadi moja ya mpangilio. Kadi hiyo ndiyo inayoifundisha mashine adabu. Juu yake vinapita vigurudumu vidogo kama meno ya panya. Kigurudumu kikishuka kwenye tundu, mashine inanakili yenyewe kutoka kadi iliyotangulia, maana tarehe na mkoa ni vile vile kadi hadi kadi, hakuna sababu ya mtu kuvibonyeza kila mara. Kigurudumu kikikuta karatasi isiyo na tundu, kinapanda, mashine inaacha kunakili na kumsubiri mtu abonyeze jina la kijiji. Mambo yote ni hayo: lini inakili, lini isubiri. Kadi ya Chanika ilikuwa imenakiliwa pale ilipotakiwa kusubiri.

Kwa hiyo nikaanza na mpangilio. Nilitoa kadi ya Albano kwenye rola, nikaishika kwenye mwanga wa dirisha, nikahesabu matundu. Yalikuwa sawa. Nikatoboa nyingine mpya, nikaizungusha, nikajaribu: Goba, Chanika, Goba, Chanika. Zikatoka safi. Nikarudisha ile ya zamani, zikatoka safi. Nikaangalia swichi ya kunakili, ambayo mara nyingine mtu huigusa na kiwiko bila kujua. Ilikuwa mahali pake. Nikachukua rola yote nikaipeleka kwenye mashine ya jirani, na ya jirani nikaileta kwa Albano, maana ugonjwa ukihama na rola ni wa rola, na ukibaki ni wa mashine. Haukuhama wala haukubaki. Haukuwepo kabisa.

Siku nyingine ningefurahi. Siku hiyo kila kadi nzuri iliyotoka ilinitisha. Nilikuwa namtoboa Albano mwenyewe, kadi baada ya kadi, kwa mikono yangu, na kila iliyotoka safi ilikuwa inasema ni mtu, ni mtu. Wenzangu wengine walikuwa wameinamia mashine zao. Hawakuniangalia. Nawaelewa, ingawa wakati ule niliwachukia wote.

Nilikwenda kwenye ukuta wa mbao, nikajifanya naokota kitu.

"Albano. Zile kadi za Ijumaa, hukuona chochote?"

Nilisikia mbao zikilia. Halafu sauti yake, karibu sana, kama aliyekuwa ameegemea upande wa pili. "Vitufe vinakuwa vigumu, dada. Vinagoma, kama pale mashine inapovuta kadi mpya. Mie nikadhani unyevu. Nikabonyeza tu, nikaendelea."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mashine ya serikali imeharibika mkononi mwangu?"

Zamani kosa kama hilo lingekamatwa, kwa sababu kila kadi ilipitiwa na mtu wa pili kwenye mashine ya kuhakiki. Mashine hiyo ilikuwa imekatika mkanda, na mkanda wake haukupatikana, ikafunikwa turubai kule pembeni. Tulikuwa tunatoboa na kumwachia Mungu.

Nikarudi kukaa. Nikaangalia mashine nisijue nifanye nini tena.

Hapo ndipo alipoingia Bi Mwanabaraka na chetezo.

Bi Mwanabaraka alikuwa mtoboaji kama wengine, lakini mkubwa wetu kwa umri, Mzaramo wa Mtoni, na mimi nilikuwa mpangaji nyumbani kwake. Chumba changu kilitazamana na jiko lake. Nilipofika kutoka Bukoba sijui hata kukuna nazi, ndiye aliyenionyesha, akanicheka kwanza ndipo akanionyesha. Tangu masika yaanze, paa lilikuwa linavuja kwenye kona ya Albano, ukuta umeota ukungu, na kiyoyozi kilikuwa kimekufa zamani. Uvundo ulitupa maumivu ya kichwa. Bi Mwanabaraka akasema ofisi ni kama nyumba, na nyumba hailali na uvundo siku ya Ijumaa. Akaanza kuja na chetezo chake cha udongo, makaa na ubani, akikiweka sakafuni chini ya mashine ya Albano, maana ndipo palipozidi. Watu wote tuliupenda moshi ule. Hata meneja alikuwa anapita makusudi. Tulikuwa tunapokezana kuleta ubani, na ule wa siku hiyo nilikuwa nimeununua mimi Mtoni sokoni.

"Shikamoo, Bi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuwa na rangi ya majivu? Sogeza mguu." Akainama, akasukuma chetezo mahali pake pa siku zote. "Na yule kijana je, bado wamemfungia? Wallahi hawa watu. Albano atahujumu nini, hata kuku hawezi kumfukuza."

Akaenda zake stoo ya nyuma kuswali. Mimi nikaendelea kutoboa, kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Goba, Chanika. Goba, Chanika. Moshi ulipanda polepole, mtamu kama kawaida.

Halafu vitufe vikawa vigumu.

Niliisikia kwenye vidole kabla ya kuielewa. Nilibonyeza Chanika, vitufe vikagoma, mashine ikaendelea kulia yenyewe, ta-ta-ta-ta, kadi ikatoka. Nikaiinua kwenye dirisha. Goba. Nikajaribu nyingine. Goba. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Ilikuwa imekosea, mashine ilikuwa imekosea mbele ya macho yangu, na Albano angevaa viatu vyake aende kwa mkewe.

Nikafungua kifuniko cha rola na kuingiza kidole. Kigurudumu cha kunakili kilikuwa kimeshuka kwenye tundu na hakipandi. Kilikuwa kimenata. Nilipokitoa kidole kilikuja na utandu mwembamba wa rangi ya asali, nikaunusa. Ubani. Ijumaa baada ya Ijumaa moshi ulikuwa umepanda mle ndani na kuganda juu ya vigurudumu. Ukiwa baridi ni mkavu kama kioo, haumsumbui mtu. Ukipata joto la makaa kutoka chini unalainika, unakuwa gundi, na kigurudumu kikishuka hakirudi juu. Makaa yakizima, unakauka tena, na mashine inatubu.

Nikatazama chini. Chetezo kilikuwa kimekaa pale kati ya miguu yangu, chekundu ndani.

Basi furaha yangu haikudumu. Ndugu Jabiri alikuwa anatafuta jina. Nikimwonyesha mashine ikikosea, ataniuliza kwa nini inakosea siku ya Ijumaa tu. Atainama. Na chini ya mashine ataona mkono wa Bi Mwanabaraka. Nani ataamini kwamba mtu amezuia unga wa Chanika kwa sababu hapendi harufu ya ukungu? Nilitaka kukitoa kile chetezo nje, nikimwage mtaroni. Nilikiinua hata nikafika mlangoni. Nikaviona vile viatu.

Nilisimama pale, moshi ukiniingia machoni. Nikikimwaga, Albano anaondoka. Nisipokimwaga, ni Bi. Nilijaribu kutafuta njia ya tatu na sikuiona, na bado sijaiona, ingawa nimeitafuta kwa miaka.

Sikuweza kuamua mwenyewe jambo la roho ya mtu mwingine. Nilikirudisha chetezo mahali pake, nikaenda stoo. Bi Mwanabaraka alikuwa anakunja mswala wake kati ya maboksi ya kadi. Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, kwa kurukaruka, rola na gundi na vigurudumu, mpaka akanishika mkono.

"Kwa hiyo ni moshi wangu," akasema.

"Ni moshi wetu, Bi. Ubani nimenunua mie."

"Na yule akirudi akaikuta mashine nzima?"

"Anaondoka na Albano."

Aliketi juu ya boksi. Nilimwona akiwa mzee, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabla ya hapo. Midomo yake ilitembea bila sauti. Alikuwa anaogopa, na hakunificha. "Mwinjuma wangu walimchukua hivi hivi," akasema. Mwinjuma alikuwa mumewe, na nyumbani tulikuwa tunaambiwa yuko safarini. "Kwa neno moja tu. Alirudi, lakini hakurudi. Ndipo akaondoka mwenyewe."

Nilikuwa karibu kumwambia basi, tukimwage, tunyamaze. Maneno yalikuwa mdomoni. Yeye akawahi kusimama.

"Makaa yamebaki mangapi?"

"Yamepungua, Bi."

"Basi fanya haraka. Yakizima utamwonyesha nini?"

Ndugu Jabiri alichelewa. Msikitini kulikuwa na mawaidha marefu, au alikutana na watu, sijui. Sisi tulikuwa sakafuni, chini ya mashine. Makaa yalikuwa yanafifia na ofisi nzima haikuwa na mkaa mwingine, wala pa kuununua karibu hapakuwepo. Vitufe vilikuwa vinaanza kulegea. Nikatoboa kadi moja, ikatoka Chanika, safi. Bi Mwanabaraka alipiga magoti, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akachukua kadi iliyoharibika akaanza kupepea. Alipepea kwa mkono wa mtu aliyepepea majiko maisha yake yote, taratibu, bila kukatisha. Akachana kadi nyingine vipande, akalisha makaa. Majivu yalimkaa kwenye nyusi. Nilimtazama akiuchochea moto ule aliojua utamchoma yeye, na sikuweza kumwambia aache, na sikuweza kumwambia aendelee. Nililia tu, na nikasingizia moshi.

"Jaribu," akasema.

Nikabonyeza. Vikagoma.

Mlango wa nje ukafunguka. Ndugu Jabiri aliingia akiwa amebadilisha nguo, amevaa kanzu, na alipokaribia nikasikia ananukia udi, wa kufukizwa nyumbani, umeshika hata kwenye kofia. Nilitaka kumuuliza yeye kwao nani anamfukizia. Hasira yangu ilirudi mara moja hiyo tu.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Goba. Halafu nikabonyeza Chanika, mashine ikalia yenyewe, na nikampa kadi. Aliisoma polepole kwenye dirisha, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akakaa yeye mwenyewe kwenye kiti cha Albano, akabonyeza kwa kidole kimoja, akaisikia ile hali ya kugoma.

"Kwa nini?"

Nikamwonyesha kigurudumu na ule utandu. Akainama. Alikitazama chetezo kwa muda mrefu sana, na Bi Mwanabaraka bado amepiga magoti kando yake, kadi ya kupepea mkononi.

"Mama yangu hufanya hivi," akasema Ndugu Jabiri. "Kila Ijumaa." Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, "Nani ameweka?"

"Mie," nikasema. "Ubani ni wangu."

"Chetezo ni changu, baba," Bi Mwanabaraka akasema. "Mtoto huyu hajui hata kukoka makaa, ni mtu wa bara. Muulize yeyote humu."

Hakumuuliza yeyote. Waliokuwa humu walikuwa wameinama. Aligonga ukuta wa mbao mara moja, mlango wa meneja ukafunguliwa, Albano akatoka. Alivaa viatu vyake bila kufunga kamba. Alimwangalia Bi Mwanabaraka, na mimi, na kile chetezo, na kwa kuwa ukuta ule ulikuwa mwembamba alikuwa amesikia yote. Alitaka kusema kitu. Ndugu Jabiri akamwambia aende nyumbani, na akaenda.

"Wewe mama, utakuja kutueleza hayo ya ubani," Ndugu Jabiri akasema. "Maelezo tu. Beba na hicho."

Bi Mwanabaraka alinyanyuka kwa kushika meza. Akanikabidhi ufunguo wa nyumba. Akaniambia nazi imeshakunwa, iko chini ya kawa, nisiiache ikachacha. Akakibeba chetezo kikiwa bado na joto, akakizungushia ncha ya kanga kisimuunguze, akaingia kwenye gari nacho mapajani. Niliwafuata mpaka getini. Moshi kidogo ulikuwa unatoka dirishani mwa gari lilipokuwa linaondoka kuelekea barabara ya Pugu.

Nilisafisha kila mashine kwa spiriti jioni hiyo, kigurudumu kwa kigurudumu, na zimefanya kazi vizuri tangu siku ile. Rosalia alijifungua salama. Albano hakurudi kazini. Alimchukua mkewe na mtoto wakarudi Masasi, na simlaumu.

Bi Mwanabaraka alirudi. Hazikupita wiki nyingi. Alirudi kwa miguu, bila chetezo, akaoga, akalala, na kesho yake akaja kazini akakaa kwenye mashine yake. Hakusema alichoulizwa na mimi sikumuuliza. Hakuwa na jeraha lolote. Watu walisema ana bahati, na mimi nikasema vivyo hivyo, maana nilikuwa nataka iwe kweli.

Masika yalikuwa bado hayajaisha. Ijumaa ya kwanza chumba kilijaa uvundo, ukuta unachuruzika, tumekaa tumebana pua. Aliinua mkono, mama yule aliyekuwa anaingia na moto ofisini bila kubisha, aliyenicheka kwa sababu ya nazi. Aliuinua kidogo tu, usawa wa bega.

"Ndugu Demetria," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. "Naruhusiwa kufungua dirisha?"

Nikamwambia afungue, Bi, ni dirisha tu. Aliniangalia, akaangalia mlangoni, akaurudisha mkono wake kwenye vitufe. Akasubiri mpaka niliponyanyuka nikalifungua mimi.